Saa za Duka la Miwani

Watu wakiniuliza kazi yangu ya kwanza niliipataje, huwajibu kwamba niliichagua kwa saa, nao hudhani natania. Wengine huchagua kazi kwa mshahara, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu mjomba yuko ndani. Mimi nilikaa mezani kwa kaka yangu na kipande cha karatasi, nikaandika saa ambazo soko la hisa la ng'ambo hufunguliwa, kisha nikaingia mtaani kumtafuta mwajiri atakayeniachia saa hizo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha kuwatosha watu watatu.

Soko lilikuwa likifunguliwa saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zetu. Nilikuwa nimejifunza miezi minane kwenye akaunti ya majaribio, ile ambayo bei zake ni marudio ya siku zilizopita na pesa zake ni za kuhesabu tu, huwezi kununulia hata kiberiti. Nikagundua kwamba saa moja na nusu ya kwanza ndiyo yenye uhai. Bei hupanda na kushuka kwa nguvu, na anayejua kusubiri anaweza kupata chake, akafunga kompyuta, akala chakula cha jioni na wenzake. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa akichungulia michoro yangu ya bei, vile vijiti vyekundu na vya kijani ambavyo sisi wanafunzi wa mtandaoni tuliviita mishumaa, anacheka. "Wifi, mishumaa yote hii, mbona bado tuko gizani?"

Kaka hakucheka. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tano, akanisomesha, na alikuwa ameshanitafutia nafasi kwenye kampuni ya bima alikofanya kazi miaka kumi na mmoja. Kiti cha kuzunguka, matibabu, pensheni. Ila huko simu huwekwa kwenye droo asubuhi, na hakuna anayethubutu kuondoka kabla mkubwa hajaondoka, naye mkubwa alikuwa hana haraka ya kwenda kwake.

"Mshika mbili moja humponyoka," kaka akaniambia.

"Basi iniponyoke ya bima."

Wifi akakohoa ili kuficha kicheko. Kaka akaweka kijiko chini polepole, na kwake hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Sikiliza. Nakupa mwaka mmoja. Mkubwa wangu atanishikia nafasi, nimemwomba. Mwaka ukiisha, nionyeshe kwamba hilo soko lako linakulisha. Kama halikulishi, unaingia bima, na neno mshumaa sitaki kulisikia humu ndani, hata umeme ukikatika."

Nikakubali. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Tangazo la kazi nililiona limebandikwa kwenye kioo cha duka la miwani, mwendo wa dakika nane kutoka nyumbani. Lilikuwa duka jembamba kwenye ghorofa ya chini, mbele kuna kabati la fremu na kioo cha kujitazamia, nyuma kuna karakana isiyozidi hatua sita. Kulikuwa na jiwe la kusagia lenzi linalozunguka huku likidondoshewa maji, sufuria ya mchanga wa moto ya kulainishia fremu, na meza ndefu yenye vigoda viwili. Kigoda cha kulia kilikuwa kimechakaa katikati. Cha kushoto kilikuwa kipya kabisa, kinasubiri mtu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kupima macho?"

"Nimekuja kwa ajili ya kazi. Mnafunga saa ngapi?"

Akavua miwani yake, akanitazama. Alikuwa na umri wa karibu miaka sabini, mjane, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na nadhani hata yeye jina lake jingine alikuwa akilitumia kwenye karatasi za serikali tu.

"Hujauliza mshahara," akasema.

"Nitauliza. Kwanza mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kamili."

"Kamili kamili?"

"Binti, mimi nikishafunga, hata mtu macho yake yakidondoka pale mlangoni, atakuja kuyaokota kesho."

Mshahara ulikuwa nusu ya ule wa bima. Nikasema naanza kesho. Kaka aliposikia alikwenda kulala bila kula, na wifi akanifuata chumbani kunieleza kwamba mumewe hakuwa na hasira, alikuwa na woga tu. Wakati huo sikuona tofauti.

Siku hizi nafanya kazi peke yangu kwenye chumba chenye kompyuta tatu na dirisha linalotazama ukuta. Soko linanilisha, limenijengea, limewasomesha wanangu. Lakini siku nzima yaweza kupita bila mtu yeyote kuniita binti, na kuna asubuhi huwa nafungua dirisha, nasikia fundi ujenzi wa jirani akikata vigae kwa mashine ya maji, ile harufu ya vumbi lililolowa inaingia, nami nabaki nimeshika kikombe kama mtu aliyesahau alichokuwa akitaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya karakana. Napakumbuka pale kuliko ninavyokumbuka shule zote nilizosoma.

Fundi alinifundisha kwa maneno machache. Lenzi ikija kutoka kiwandani huwa duara, nawe unaisaga pembezoni mpaka iingie kwenye fremu bila kulegea na bila kubana. Ukiisaga kupita kiasi, imekwenda, huwezi kuirudishia. Nyingine zina mlalo wake. Ukiigeuza kidogo tu, au ukaweka ya kulia kushoto, mvaaji anaona ukuta umeinama. Kwa hiyo kila lenzi unaichora alama kwa kalamu ya nta kabla haijagusa jiwe. Na alikuwa na sharti moja ambalo sijalisikia kwa fundi mwingine: mkono ulioanza lenzi ndio unaoimaliza, siku hiyo hiyo. Alisema kila mtu ana namna yake ya kuegemea jiwe, na kwamba hata wewe mwenyewe kesho hutaegemea kama leo.

Saa kumi na moja kamili alikuwa akizima jiwe. Kimya kinaingia ghafla, unasikia matone ya mwisho kwenye karai. Anafuta meza, mimi nafagia, ananiambia, "Haya, nenda kwa wagonjwa wako," maana nilivyokuwa nikiitazama saa alidhani namuuguza mtu. Saa kumi na moja na dakika ishirini niko mezani kwa kaka, kompyuta imewashwa, wifi ameniwekea chai. Soko linafunguliwa. Nanunua kidogo, nauza kidogo, sasa kwa pesa zangu za kweli, nikikosea nakata hasara mapema kabla haijaota mizizi. Saa moja nafunga. Miezi minne ilikwenda hivyo, na kama kuna mtu aliyewahi kuwa na ratiba nzuri hapa duniani basi ni mimi wa miezi ile.

Halafu siku moja ya Jumatatu, mwezi wa tatu, nikafungua kompyuta nikakuta soko limeshachangamka. Mishumaa ilikuwa imekwishapanda na kuteremka, kama karamu uliyoalikwa ukafika watu wananawa mikono. Nikaitazama simu: saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Nikajua simu imeharibika. Usinicheke. Nilikimbia kwa fundi simu wa pembeni ya barabara, nikamwambia simu yangu imechelewa saa nzima, naye bila kuuliza swali akaisogeza mbele na kunitoza.

Kesho yake nikafika kazini, mlango umefungwa. Nikakaa kizingitini nikimnung'unikia Fundi kwa uvivu. Nikakaa sana. Alipotokea na funguo zake alisimama akanitazama.

"Binti, umefukuzwa nyumbani?"

"Fundi, leo umechelewa."

Akanionyesha saa yake ya mkononi. Saa mbili kasoro dakika tano, kama kawaida. Jioni ile ndipo nilipouliza wenzangu mtandaoni na kuchekwa na watu wa mabara matatu. Kumbe huko liliko soko wana desturi ya kusogeza saa, mbele wakati fulani wa mwaka, nyuma wakati mwingine. Sisi hatugusi saa. Jua linatoka, tunahesabu moja. Nilikuwa nimechagua kazi kwa saa za watu wenye saa zisizokaa mahali pamoja. Soko sasa lilikuwa likifunguliwa saa kumi na nusu, na mimi nilikuwa kwenye jiwe mpaka kumi na moja.

Kama ningekuwa na akili ningemwambia Fundi siku ile ile. Lakini niliona aibu, na mbele yangu nilikuwa naona mwaka wa kaka tu, umebakiza miezi minane. Nikaanza kuiba. Simu naiweka chini ya kitambaa cha kufutia, mkono mmoja kwenye lenzi, jicho moja kwenye bei. Lenzi za alasiri nazisaga mbiombio ili niwahi bei. Fundi alikuwa upande wake, mgongo umeinama.

Juu ya duka alikuwa akiishi Mshonaji, mama wa makamo aliyekuwa na cherehani mbili na dirisha lililoona kila kitu mtaani. Miwani yake mpya niliisaga mimi. Siku ya tatu akateremka na kitambaa cha suti kimekunjwa kwapani, akakitandaza juu ya kabati la fremu.

"Fundi, hii miwani imenitia aibu. Mstari nauona umenyooka kabisa. Nikikata, umekwenda upande. Tazama. Kitambaa cha watu hiki, cha bwana harusi."

Kilikuwa kimekatwa mshazari kuanzia begani mpaka kiunoni. Fundi akaichukua miwani, akaipima, akaipima tena. Ya kulia ilikuwa kushoto.

"Kosa ni la duka," akasema. Akafungua droo, akatoa pesa za kitambaa kizima, wala hakusema kosa la nani. Mshonaji alipopanda kwake, Fundi akakaa kwenye kigoda.

"Lenzi hizi ni mkono wa nani?"

"Wangu, Fundi."

"Ulikuwa wapi ulipozisaga?"

"Hapa."

"Mikono ndiyo iliyokuwa hapa. Mimi naiona hiyo simu, binti. Nimezeeka, sijapofuka. Na kama ningepofuka, ningekuwa mahali pazuri."

Nilitamani anitukane. Badala yake alingoja, na mimi mtu akiningoja kwa upole hushindwa kujizuia. Nikalia, nikamweleza yote: soko, mishumaa, mwaka wa kaka, bima, saa zilizosogezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana.

"Wanasogeza saa?"

"Mara mbili kwa mwaka."

"Watu wazima?"

"Serikali nzima, Fundi."

"Na jua linakubali?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akafuta machozi kwa kile kitambaa nilichokuwa nikifichia simu. Kisha akawasha jiwe, akasaga lenzi nyingine za Mshonaji kwa mkono wake. Niliondoka pale nikijua nimefukuzwa, ila hakupenda kuniambia siku ya machozi.

Asubuhi nilikuta kipande cha boksi kimening'inizwa mlangoni kwa uzi, mwandiko wake mkubwa wa kalamu ya nta: TUNAFUNGUA SAA MOJA. TUNAFUNGA SAA KUMI.

"Na sisi tumesogeza," akaniambia. "Kwani wao nani?"

Nikasema asante. Sikuuliza alifikaje. Nilikuja kuambiwa na Mshonaji kwamba magoti ya Fundi yalikuwa hayakunjuki mpaka jua likolee, na kwamba ili kufika saa moja alikuwa akianza kutembea saa kumi na mbili kasoro, anapumzika kwenye kila kibaraza. Na ndiye aliyeniambia kuhusu wateja. Watu wa maofisini walizoea kupita saa kumi na nusu, wakitoka kazini, wakawa wanakuta kufuli. "Leo wamegonga wanne," alikuwa akinihesabia kutoka dirishani. Nilipomuuliza Fundi, alijibu bila kuinua kichwa. "Macho hayaozi. Watarudi kesho." Baadhi walirudi. Wengi walikwenda kwenye duka jipya la barabara kubwa.

Tangu hapo simu ilikaa kwenye mkoba, na saa tisa zile za karakana zikawa zangu kweli. Nilijifunza kusikia lenzi ikikaribia ukubwa wake, sauti ya jiwe hubadilika kidogo. Mwezi wa nane alianza kuniuliza kila Jumatatu, kama mtu anavyoulizia mgonjwa wa familia, "Wamesharudisha?" Nikimwambia bado, anatikisa kichwa. "Watu wale hawana utulivu." Waliporudisha, mwezi wa kumi na moja, akachukua lile boksi, akaligeuza, akaandika saa za zamani upande wa pili. Alifurahi kuliko mimi.

Maana mimi mwaka wangu ulikuwa umekwisha. Nilikaa nikajumlisha. Nilikuwa nimebaki na pesa zile zile nilizoanza nazo, pamoja na pesa ya kununulia viatu, tena si vya ngozi. Soko halikuwa likinilisha. Chakula nilichokula mwaka mzima kilikuwa cha kaka na cha Fundi.

Nikamwambia Fundi kwamba mwezi ujao naingia bima.

"Ulianza na ngapi?" akauliza.

Nikamtajia.

"Na sasa?"

"Hizo hizo. Na ya viatu."

"Kwa hiyo hujavunja."

"Sijavunja, Fundi, lakini sijapata."

Akarudi kwenye lenzi yake kana kwamba nimemwambia habari za mvua. Iliniuma. Nilifikiri angalau angesema atanikosa.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, hodi ikabishwa. Kaka akaenda kufungua, akamkuta Fundi amevaa koti lililopigwa pasi na kofia, anapumua kwa nguvu kwa sababu ya ngazi zetu. Kaka hakuwahi kumwona. Mzee akajitambulisha, akakaribishwa, akakaa kwenye ncha ya kochi na kofia magotini. Mimi na wifi tulikuwa jikoni tumejibanza nyuma ya mlango.

"Nimekuja kuomba," Fundi akasema.

Wifi akanifinya mkono mpaka nikaruka. "Wifi! Huyu babu amekuja kukuposa?"

"Nyamaza!"

"Na koti lote lile! Kama si posa ni nini?"

Nadhani kaka naye aliwaza hivyo hivyo, maana niliona shingo yake inakakamaa.

"Unaomba nini, Mzee?"

"Mwaka. Wa huyu binti. Mmoja tu."

Kaka akashusha pumzi. Kisha akakumbuka kukasirika. "Mzee, kwa heshima yako, mwaka alishapewa. Kapata pesa ya viatu."

"Kapata, hakuvunja. Mwanangu, mimi mwaka wangu wa kwanza kwenye jiwe nilivunja lenzi mia mbili na kumi na moja. Bwana aliyenifundisha alikuwa akizitia kwenye debe, na debe akaliweka mlangoni ili kila mteja alione. Baba yangu akaja kunichukua. Yule bwana akamwambia, mwache avunje, mwaka wa pili hatavunja. Sasa huyu wako, mwaka wa kwanza, hana mwalimu, hana debe, kamaliza na alivyoanza navyo. Mtu kama huyo unamtoa?"

"Wewe unaijua hiyo kazi yake?"

"Siijui hata kidogo. Aliwahi kunionyesha, nikaona vijiti tu."

"Basi unamsemea kwa nini?"

"Kila mwanafunzi ana bwana wa kumsemea kwa wazazi wake. Yeye hana. Nimekuja mimi badala yake."

Nilimjua kaka yangu, alikuwa mgumu lakini hakuweza kumfukuza mtu mzima aliyepanda ghorofa tatu kwa magoti mabovu. Mwishowe akauliza, na sauti ilikuwa imelainika, "Na wewe, Mzee, unapata nini hapo?"

"Mimi? Napata fundi."

Wifi aliacha kunifinya. Akatoka jikoni na chai.

Kaka alisema mwaka, na si siku moja zaidi. Nafasi ya bima ikapewa mtu mwingine, na kwa wiki mbili kaka alinisalimia kwa kichwa tu. Lakini nilikuwa nimepata mwaka, tena mwaka nilioombewa na mtu aliyevaa koti. Sijui kama mtoto wa leo anaweza kuelewa uzito wake. Kila nilipotaka kufanya upuuzi sokoni, kununua kwa hasira au kufukuzia hasara, nilikiona kile kikofia kwenye magoti yake, nikaacha.

Ule mwaka wa pili mambo yakafunguka. Si kwa kishindo. Mwezi nilipata chakula, mwezi uliofuata chakula na nusu ya kodi. Ilipofika mwezi wa tatu, ng'ambo wakasogeza saa zao, Fundi akageuza boksi lake, tukaendelea. Kufikia mwezi wa nane nilikuwa nimejilisha miezi minne mfululizo, nikamwekea kaka mezani pesa ya kodi yangu yote. Aliitazama, akasema anakwenda kunawa uso, akakaa bafuni dakika nyingi.

Lakini kulikuwa na soko jingine sasa, linalofunguliwa saa nne asubuhi, nami nilikuwa tayari kwa hilo. Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye jiwe. Kazi niliyoichagua ili nipate saa sasa ndiyo iliyokuwa ikizila. Hesabu haikuwa ngumu.

Nilimwambia Fundi Ijumaa alasiri, tukipanga fremu kabatini, kwamba naacha. Nilikuwa nimejiandaa siku tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama siku ile ya machozi, kisha akapiga makofi, mara moja, kwa nguvu.

"Linakulisha?"

"Linanilisha, Fundi."

"Nilimwambia! Si nilimwambia kaka yako?" Akafunga duka kabla ya saa kumi, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona, akanunua soda mbili, tukazinywa kwenye kizingiti. Kila aliyepita alimwambia, "Huyu soko linamlisha," na wapita njia wakawa wananitazama kama mtu anayeuza vitunguu. Alinihadithia tena zile lenzi mia mbili na kumi na moja. Nilivua aproni, nikaikunja. Nikamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Lakini Jumatatu utakuja?" akauliza.

Nilidhani hajanielewa, nikamtazama. Alikuwa amenielewa vizuri kabisa.

"Nitakuja, Fundi," nikamwambia.

Jumatatu sikwenda. Asubuhi soko la saa nne lilifunguka na habari kubwa, nikasema nitapita mchana. Mchana nikasema jioni. Jumanne niliona aibu ya Jumatatu, Jumatano aibu ya siku mbili. Alhamisi ndiyo nikaenda. Alinisogezea kigoda changu kwa mguu, akanipa jozi ya lenzi, tukasaga bega kwa bega, jiwe likinguruma, mpaka akalizima saa kumi. Nikafagia. Akaniambia, "Haya, nenda kwa wagonjwa wako."

Mshonaji alinidaka nje, kwenye ngazi za kupandia kwake. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kusema.

"Ulikuwa wapi Jumatatu?"

"Kazi nyingi, mama."

"Huyu alifika hapa saa kumi na mbili na nusu. Kutwa nzima hakuwasha jiwe. Mtu akija, anamwambia, pita baadaye, fundi hajafika. Mpaka nikateremka nikamwambia, si fundi ni wewe? Akaniambia, mimi nimeshazeeka, fundi ni yule. Anakuja, ameniambia anakuja." Akaanza kuzichomeka pini kwenye kola yake. "Saa kumi ilipofika hakufunga. Alikaa mpaka giza."

Kupitia kioo nilimwona ndani, amenipa mgongo, anapanga fremu kwenye kabati. Ilikuwa hatua nne. Ningeingia tu, hata bila maneno, ningekaa kwenye kigoda. Nikaitazama saa. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini, soko linafunguliwa saa kumi na nusu, na nyumbani ni mwendo wa dakika nane. Nikamuaga Mshonaji, nikakimbia.